Mbuzi wa Ntheo Arudi Ruiru

Mlinzi wa Tausi Park alimpima joto Kalondu, akampima na baba yake mdogo Kyengo, halafu akabaki akimtazama mbuzi asijue la kufanya.

"Na huyu?"

"Huyu hana maneno," Kyengo alisema. "Ametoka Yatta. Huko kwetu hakuna aliyekohoa."

"Mzee, kesho tunafungua baada ya miezi saba. Meneja amesema kila kinachoingia kipimwe." Mlinzi, mama wa makamo aitwaye Mukonyo, alimwelekezea mbuzi kile kipimo kwenye paji la uso, akasoma namba na kukunja uso. "Thelathini na tisa. Ako na homa."

"Mbuzi wote wako hivyo, mama. Mungu aliwaumba na joto lao."

Mukonyo alifikiri kidogo, akanyunyizia kwato sanitaiza, akafungua geti.

Siku nyingine Kalondu angecheka mpaka ashike mbavu. Leo, ndani ya pikapu ya Kyengo, kutoka Kithimani mpaka Ruiru, hakuweza kukaa vizuri hata kwa kilomita moja. Alikuwa amekariri maneno matatu tu: chukua mbuzi wako. Alijua akiongeza la nne atalia, na hakutoka kwao kuja kulia mbele ya watu wa Ruiru.

Kwa Wakamba, msichana hafanywi mke na pete wala picha za studio. Anayemfanya mke ni mbuzi wa ntheo. Mbuzi wakishaletwa kwao, mmoja akachinjwa na damu ikagusa udongo wa uwanja wa baba yake, basi huyo ni mke wa mtu, hata kama bado analala kitanda chake cha usichana. Na ndoa hiyo haivunjwi kwa simu. Mbuzi hurudishwa kwa mkono mbele ya mtu wa ukoo, na mwanamume akiipokea kamba, kila mmoja anashika njia yake.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyoharibika. Kalondu alikuwa mwendeshaji wa lile gurudumu kubwa la Tausi Park, na Ndegwa, kijana wa Kamenu, alikuwa fundi wa mitambo. Walipendana miaka miwili katika kelele za watoto na harufu ya bisi. Machi, bustani ikafungwa kwa sababu ya corona, Kalondu akarudi kwao. Aprili, wiki ile ile Ndegwa na wazee wake walipopanga kupeleka ntheo, barabara zikafungwa. Watu hawapiti kizuizini. Mizigo inapita.

Ndegwa akaona ameshinda serikali kwa akili. Aliwapakia mbuzi watatu kwenye lori lililokuwa likirudi Yatta kuchukua nyanya, akapiga simu kusema mbuzi wametangulia na yeye atafuata njia ikifunguka. Kwa watu wa Ndegwa hilo si ajabu. Kwa Mzee Mutiso, baba yake Kalondu, mbuzi wanaokuja bila wenyewe walikuwa kitendawili, na wazee wa ukoo walikibishania siku tatu. Pasaka ikafika, kanisa limefungwa na sufuria hazina nyama, Mzee Mutiso akanoa kisu akisema hajasikia mbuzi amekatazwa kuliwa. Walichinja wawili, wakamwacha jike mmoja, wakala wakashiba. Ni wakati wa kulamba vidole ndipo mmoja wao alikumbuka kwamba wameshamwoza msichana kwa mtu ambaye hayupo.

Julai barabara zikafunguliwa. Kalondu alifagia uwanja kila Jumamosi kwa wiki tatu, akiweka na maua kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Kilichokuja ni ujumbe mmoja kwenye simu: *Nisamehe. Mambo yamebadilika.* Baada ya hapo Ndegwa hakushika simu yake tena.

Na Mungu hakumwacha Kalondu bila mchumba. Kilonzo, mwenye posho mill ya kusaga mahindi pale Matuu, shemasi, mtu mpole asiyepandisha sauti hata mkanda wa mashine ukikatika, alikuwa amemwomba. Wazee wake walikuwa waje kesho. Mzee Mutiso alikuwa amesema wazi, "Siwezi kufungua geti kwa mbuzi wa mtu wa pili wakati mmoja wa yule wa kwanza bado yuko kwa banda langu. Nenda na Kyengo umrudishie mwenyewe. Kesho nataka kuwa na msichana, au nataka kuwa na mkwe. Siwezi kuwa na hii kitu katikati."

Ndegwa alikuwa chini ya gurudumu, amevaa ovaroli, akipakia magunia ya mchanga ndani ya vikapu vya abiria. Barakoa ilimfunika uso mpaka machoni. Kalondu alikuwa amejiandaa kwa uso mzima, amejiandaa kuyachukia yale mashavu na lile pengo dogo la meno. Hakuwa amejiandaa kwa macho peke yake. Yalimtazama kama zamani, na moyo wake ukapiga kwa nguvu akauchukia.

"Kalondu," Ndegwa alisema.

"Sasa Ndegwa."

Sasa Ndegwa. Yaani maneno matatu ya njia nzima yalimtoroka, akamsalimu kama mtu waliyeachana naye jana kwa duka. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Ndegwa alimwona mbuzi. Alikuwa amemchagua mwenyewe sokoni, yule jike mweusi mwenye doa jeupe sikioni, na Kalondu aliona mabega yake yakishuka.

"Amenenepa," alisema polepole.

"Hatukuja kuongea kilo zake," Kyengo alijibu. "Unajua kilichotuleta."

"Najua, mzee. Naomba dakika kumi tu. Inspekta anakuja saa nne, na hii mashine lazima izunguke na mchanga, fundi akiwa ndani. Hapa hatupandishi mtoto wa mtu kabla fundi hajapanda mwenyewe. Austine wa kuendesha amechelewa." Alimgeukia Kalondu. "Wewe unaijua kunishinda."

"Mimi si mfanyakazi wenu."

"Najua. Nakuomba tu."

Angekataa. Ningekuwa mimi ningekataa. Lakini Kalondu alimpa Kyengo kamba, akapanda ngazi tatu za kibanda cha mitambo, akakaa kwenye kile kiti chenye sponji iliyochanika. Mkono wake ulikumbuka kila kitu. Ndegwa aliingia kikapu namba tisa, akajifunga mkanda, akainua kidole gumba. Gurudumu likalia kidogo, likaanza kuzunguka.

Lilipanda na magunia yake. Kikapu kimoja kilijaa mchanga, kingine kilikuwa kitupu, kimewekwa utepe mwekundu ili kesho watu wasikae karibu karibu. Ndegwa akapita mara ya kwanza, akamtazama. Akapita mara ya pili, akamtazama tena, na mara hii hakuna aliyekwepesha macho. Mara ya tatu, namba tisa ilipofika juu kabisa, Kalondu alivuta breki.

Gurudumu likasimama. Upepo ukatikisa kikapu. Simu ya Kalondu ikalia, na kwenye kioo likatokea jina ambalo hakuwa ameliona likimpigia tangu Julai.

"Kuna shida huko chini?" Ndegwa aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa mbona umesimamisha?"

"Miezi mitatu nakupigia hushiki. Leo umenipigia mwenyewe. Naona hii njia ndiyo inafanya kazi."

"Kalondu, inspekta anakuja."

"Atakupata huko. Ndegwa, hushuki mpaka uniambie ni nini nilikukosea."

Kyengo alikuwa ameinua shingo, mkono mmoja kwenye kofia. "Kalondu, huyo mtu amekwama?"

"Hajakwama, baba. Anafikiria."

Kalondu alisikia pumzi yake ndani ya simu, akasikia na kikapu kikilia kwenye bawaba. Alitaka kupiga kelele. Alitaka pia kumwambia ajishike vizuri, kwa maana upepo ulikuwa umezidi.

"Hukukosea kitu," Ndegwa alisema mwishowe.

"Basi ni kwa sababu mimi ni Mkamba. Mamako alisema tangu mwanzo. Alisema watu wa kwetu hawakai na watu wa kwenu."

"Alisema, na nilimwambia nitakuoa tu. Si hiyo."

"Ni msichana mwingine?"

"Hapana. Hakuna mwingine. Kalondu, usiniulize kwa simu."

"Nikuulize wapi? Nikipiga unashika? Nilifagia uwanja kama mwendawazimu. Watu wa kwetu walianza kuniita bibi ya lori. Ati niliolewa na lori ya nyanya. Unajua hiyo ni kuambiwa nini, ukiwa unachota maji na wenzako?"

"Mzee Gerishon alikufa," Ndegwa alisema.

Kalondu alikaa wima. Gerishon alikuwa baba mkubwa wa Ndegwa, ndugu ya marehemu baba yake, aliyewalea na kuwasomesha. Ndiye aliyekuwa awe msemaji siku ya ntheo. Aliwahi kumnunulia Kalondu soda hapo hapo Tausi Park, akamwomba amfundishe kusalimia kwa Kikamba, ili asiaibike mbele ya wazee wa Yatta.

"Lini?"

"Juni, mwisho mwisho. Wiki moja kabla wafungue barabara." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi ndiye nilimtoa kwake. Nilisikia mtu akipata kibali anaruhusiwa kupita kizuizini. Nikamwambia twende tupange laini. Yeye alisema tungoje, barabara itafunguliwa tu. Mimi nikasema siwezi kungoja, mbuzi wameshaliwa, msichana ni wangu, nimfuate. Tulisimama siku mbili kwa ile laini, watu wamefinyana. Hatukupata. Baada ya wiki akaanza kukohoa."

"Ndegwa."

"Walimzika watu wamevaa nguo nyeupe za plastiki. Dakika kumi. Maitu, mamangu, akaniambia pale pale kwa kaburi, hii kitu uliianza vibaya. Ulituma mbuzi kwa lori kama gunia, bila wazee, bila maombi. Angalia sasa mzee mwenyewe ameenda. Akaniambia niape nikuachie. Nikaapa. Ningemwambia nini? Yeye amezika bwana, na sasa amezika ndugu ya bwana, na ni mimi nimemletea."

Kalondu alilia. Hakujificha. Machozi yaliingia ndani ya barakoa ikamganda usoni, akaivuta chini ya kidevu, sheria au hakuna sheria.

"Ungeniambia," alisema. "Ungeniambia tu, Ndegwa. Ningelia na wewe."

"Nilijua ukilia nitakuja. Na niliapa."

Kalondu alimshusha taratibu, kama alivyokuwa akiwashusha akina mama wajawazito na watoto waliotapika. Ndegwa alifungua mkanda, akatoka kikapuni. Austine alikuwa ameshafika, amesimama kando na kofia yake, akijifanya anasoma bango la kunawa mikono.

Kyengo alikohoa, akakumbuka kwamba siku hizi watu hawakohoi ovyo, akameza kikohozi. Alimrudishia Kalondu kamba, akasimama katikati yao kama inavyotakiwa.

"Ndegwa, kijana wa Kamenu. Tulikula mbuzi wako, hatukatai. Leo tumekurudishia huyu. Ukishika hii kamba, msichana wetu amekuwa wetu tena, na wewe umekuwa wa kwenu. Hakuna atakayemdai mwenzake neno."

Hapa niseme ukweli ambao Kalondu hakuwa amejiambia hata yeye. Hakuja kurudisha mbuzi. Alikuja ili Ndegwa akatae kumpokea. Njia nzima, chini ya yale maneno matatu, alikuwa akimwona Ndegwa akirudi nyuma, akificha mikono mgongoni, akisema hapokei hata aje mzee Mutiso mwenyewe. Moyo wa mtu ni msitu, na wake ulikuwa umemficha jambo hilo vizuri.

Ndegwa alinyoosha mkono.

"Niliapa," alisema, macho yakiwa chini. "Habari za Kilonzo nilizisikia, ni mtu mzuri. Nimeuliza watu wa Matuu. Nitaishika, mzee."

Vidole vyake vikashika kamba. Kyengo akatikisa kichwa kukubali. Kilichobaki ni Kalondu kuachia, na Kalondu hakuachia. Alijiambia afungue mkono. Alijiambia mara mbili.

"Kalondu," Kyengo alisema kwa upole. "Achia."

"Siwezi."

"Mwiitu, binti yangu, ni wewe uliniamsha saa kumi na moja."

"Najua, baba. Siwezi." Alimtazama Ndegwa. "Wewe umeapa kuniacha. Sawa. Siwezi kukuvunjisha kiapo cha kaburini, niache tu. Lakini mimi sijaapa. Hakuna mtu aliniapisha. Mimi sikuachi."

"Kalondu, Maitu hatakubali."

"Umemuuliza tangu Juni?"

Ndegwa aliangalia kamba mkononi mwake.

"Achia hiyo kamba, Ndegwa. Mbuzi si wako bado."

Akaachia. Kyengo alivua kofia, akakuna kichwa. Alikuwa shahidi wa ukoo, na alichokishuhudia hakikuwa na jina. "Sasa nitamwambia nini ndugu yangu? Kesho wazee wa Kilonzo wako njiani."

"Utampigia saa hii, awaambie wasitoke. Kilonzo hakunikosea kitu, nitamwomba msamaha mwenyewe." Alimfuta mbuzi vumbi mgongoni bila sababu yoyote. "Halafu utanipeleka Kamenu. Mzee wa watu amekufa akitutafutia njia ya kuja kwetu, na hakuna mtu wetu hata mmoja ameenda kusema pole. Hiyo ndiyo aibu, baba. Si hii ingine."

Ndegwa alitaka kwenda nao, lakini gari la inspekta lilikuwa likiingia getini na Mukonyo alishatoa kipimo chake. Walimwacha amesimama chini ya gurudumu, mikono imening'inia.

Thika walisimama dukani. Kalondu alinunua sukari kilo mbili, majani ya chai na unga, vitu ambavyo mtu huenda navyo kwenye matanga. Kyengo alipiga simu yake, akasikiliza Mzee Mutiso akifoka, akasema "ndiyo" mara nyingi, akakata. "Amesema amewasimamisha," alisema. "Mengine aliyosema siwezi kukuambia, mimi ni mtu wa kanisa."

Geti la kina Ndegwa pale Kamenu lilikuwa la mabati ya bluu. Kalondu alibisha. Mbuzi alilia nyuma ya pikapu. Mama aliyefungua alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha alizowahi kuonyeshwa na Ndegwa, na leso nyeusi kichwani.

"Mnatafuta nani?"

"Habari ya nyumbani, Mama. Tumetoka Yatta. Mimi ni Kalondu."

Uso wa Wamboi, mama yake Ndegwa, ulifungika. Aliushika mlango wa geti kwa mikono miwili. "Ndegwa hayuko."

"Najua. Nimemwacha kazini. Sikuja kwa Ndegwa." Aliinua mfuko wa sukari. "Nimekuja kukupa pole ya Mzee Gerishon. Tumejua leo asubuhi. Tungejua wakati ule, tungekuja mpaka kwa kizuizi tusimame hapo, hata kama hawatupitishi."

Wamboi aliangalia mfuko wa sukari.

"Alizikwa dakika kumi," alisema, kama anayemwambia mtu mwingine. "Tulikuwa watu kumi na tano na polisi amesimama hapo akituhesabu. Mimi nilikuwa na sufuria kubwa, nilikuwa nimeazima na vikombe. Sikupika hata chai. Nyumba ya matanga bila chai, umewahi kuona? Watu walipiga simu. Walituma pesa. Hakuna mtu alisimama hapa kwa geti na sukari."

"Nimeleta, Mama."

"Naona." Alipangusa jicho kwa ncha ya leso. "Nilimwapisha kijana juu yako."

"Ameniambia."

"Na bado umekuja."

"Ni yeye aliapa, Mama. Mimi nilikuwa Yatta."

Wamboi alimtazama muda mrefu, kuanzia viatu vyenye vumbi mpaka macho mekundu. Kalondu hakuinamisha kichwa. Kama angefukuzwa, alitaka afukuzwe akiwa amesimama wima. Ndani ya nyumba redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

Yule mama alinyoosha mkono, akachukua sukari, akaipima mkononi.

"Hii ni ya watu wengi," alisema. "Nitaita majirani. Mwambie mzee wako ashuke, afunge hiyo mbuzi kwa kivuli." Alifungua geti lote, upande wa kwanza, kisha wa pili ambao ulikuwa umeshika kutu, akausukuma kwa bega. "Na upige simu kwa Ndegwa. Maziwa sina."

Kalondu alitoa simu, kwa haraka akabonyeza jina lingine kwanza. Alipolipata jina lenyewe, Ndegwa alishika kabla haijalia mara ya pili.

"Ndegwa," alisema. "Maitu amesema uje na maziwa."